Muulize Fundi: Umeongeza mkono mmoja kwenye mashine, kompyuta imegoma

Mwezi huu barua nyingi zilizoingia ni za watu wanaochora mashine kwenye kompyuta kabla ya kwenda kukata chuma, na mi nimefurahi kweli, maana chuma sa hivi ni ghali na kukata mara mbili ni hasara. Nimechagua nne. Kwenye majibu nikisema mkono namaanisha kipande chochote kigumu kinachocheza, nikisema pini namaanisha pale mikono miwili inapoungana ikabaki inapinda, fremu ni kile kilichokaa palepale, yani bodi ya mashine, krenki ni mkono mfupi unaozunguka duara zima, na konrodi ni mkono unaounganisha krenki na kipande kinachofuata.

Dada habari za kazi. Nipo Tabata, tunatengeneza sabuni ya mche watu watatu, kusukuma mche kwenda kwenye waya wa kukatia tunasukuma kwa mkono mpaka mabega yanauma. Nimechora mashine, krenki milimita 40 inazungushwa na mota, konrodi 160, mkono unaobembea 120, na kati ya pini mbili za kwenye fremu ni 150. Inacheza vizuri kabisa. Sasa nataka niongeze mkono wa kusukuma sabuni umbali wa milimita 200, nikiunga bomba toka kwenye bembea kwenda fremu upande wa pili kila kitu kinaganda, programu inaweka rangi nyekundu. Nikifungua upande mmoja bomba linaning'inia tu, linaenda linakotaka. Nifanyeje?

Nzuri kaka, poleni na kazi. Kwanza hongera, vipimo vyako vya mwanzo vimekaa sawa, nimevipigia hesabu mwenyewe. Chukua mkono mfupi kuliko wote jumlisha na mrefu kuliko wote, 40 na 160 inakuja 200, alafu jumlisha miwili iliyobaki, 120 na ile 150 ya fremu, nayo hapa inahesabika kama mkono, inakuja 270, ile ya kwanza haijazidi ya pili na mfupi ndo krenki yako, kwa hiyo krenki itazunguka duara zima bila kukwama. Hii kanuni ni ya Mjerumani Franz Grashof wa karne ya 19 na mpaka leo ndo kitu cha kwanza cha kuangalia. Bembea yako inapiga kama nyuzi 44 kwenda na kurudi.

Sasa kwa nini imeganda. Mkono ukiulaza mezani haujaungwa popote una njia 3 za kwenda, kulia na kushoto, mbele na nyuma, na kujizungusha palepale. Kila pini unayoweka inanyang'anya njia 2. Ndo hesabu yote hiyo, hamna uchawi. Chukua idadi ya mikono pamoja na fremu, toa 1, zidisha kwa 3, alafu toa pini mara 2. Ya kwako ya mwanzo ina mikono 4 na pini 4, 3 mara 3 ni 9, toa 8 inabaki 1. Hiyo 1 ndo mota yako, mota moja inaamua kila kitu, safi.

Ukaongeza bomba moja lenye pini mbili. Mikono imekuwa 5 na pini 6, 3 mara 4 ni 12, toa 12, sifuri, yani umejenga kenchi ya nyumba badala ya mashine. Ukafungua upande mmoja, mikono 5 pini 5, 12 toa 10 inabaki 2, hapo mashine inadai mota ya pili na wewe unayo moja, lile bomba lazima lining'inie. Kwa hiyo programu haijakosea popote, imekwambia ukweli mara zote mbili.

Dawa yake ni kuongeza vipande viwili kwa mpigo na maungio matatu. Vipande viwili vinaleta njia 6, maungio matatu yanakula njia 6, mashine inabaki na 1 ile ile. Jozi ya hivi inaitwa dayadi, na Mrusi mmoja, Leonid Assur, mwanzoni mwa karne ya 20 alionesha kwamba hata mashine iliyojaa mikono unaweza kuijenga kwa kuongeza vikundi vya namna hii kimoja baada ya kingine, kila ukiongeza hesabu haibadiliki. Mi naipenda sana hii kwa sababu inakupa utaratibu wa kufuata, hubahatishi.

Kwa sabuni yako kipande cha kwanza ni konrodi ya pili na cha pili ni kile kibao kinachoteleza kwenye reli kikisukuma mche, maungio ni pini kwenye bembea, pini kwenye kibao, na kule kuteleza kwenyewe kunahesabika kama ungio moja, nako kunakula njia 2. Lakini ncha ya bembea yako ya 120 inatembea kama milimita 89 tu kwa mstari ulionyooka, haifiki 200. Irefushe ipite pale pini ya konrodi ilipo mpaka milimita 270 toka kwenye pini ya fremu, hapo ncha inatembea kama 200. Na tafadhali irefushe ndani ya kipande kile kile, usiongeze kipande kingine kwa pini moja utarudi kwenye tatizo la kuning'inia. Kipande kimoja chenye matundu matatu, basi.

Alafu zungusha krenki pole pole na mausi, weka alama ncha ilipofika mwisho wa mbele na mwisho wa nyuma, unganisha hizo alama mbili kwa mstari na reli ya kibao uichore sambamba na huo mstari. Ukifanya hivyo kibao kitatembea sawasawa na ule umbali wa alama mbili hata konrodi ya pili ukiifanya 250 au 400, urefu wake haugusi mwendo, unagusa tu reli itakaa mbali kiasi gani na konrodi italala kiasi gani, na mi ningechukua ndefu ili isukume kwa kunyooka isije ikabana kibao pembeni.

Vitu viwili kabla hujaenda kukata. Krenki yako inatumia kama nyuzi 195 za mzunguko kwenda upande mmoja na kama 165 kurudi, kwa hiyo chagua mota izunguke upande gani ili ule mwendo wa taratibu ndo uwe wa kusukuma sabuni kwenye waya na wa haraka uwe wa kurudi tupu. Waya ukikata taratibu sabuni haipasuki kona. Na cha pili, ukirefusha bembea toka 120 mpaka 270 umeongeza mwendo lakini nguvu umeipunguza, kwenye ncha unapata kama asilimia 44 ya ile iliyokuwepo pale kwenye 120, kwa hiyo usinunue mota kwanza, pima unasukuma mche kwa nguvu kiasi gani, mzani wa kuvuta wa kuning'iniza unatosha, ndo uchague mota na giaboksi.

Shikamoo dada. Mimi nasoma ufundi mitambo chuo kimoja hapa Ilala. Nimeongeza ile mikono miwili kama tulivyofundishwa, mmoja wa 100 na mwingine wa 80, hesabu inatoa 1, lakini mashine ikifika katikati programu inasimama, na siku nyingine goti, yani pale ile mikono miwili inapoungana, linarukia upande wa pili ghafla. Mwalimu akiangalia anasema vipimo, hasemi vipimo gani.

Marahaba mdogo wangu. Mwalimu yuko sahihi, ngoja nimalizie alipoishia. Ile hesabu ya njia inakwambia mashine inaweza kucheza, haikwambii mikono itafikiana. Ni kama kamba ya kuanikia nguo, una misumari miwili na una kamba, hesabu ya misumari haitakwambia kama kamba itafika.

Angalia ncha mbili za nje za jozi yako, zile zinazoungwa kwenye mashine iliyokuwepo. Umenitumia mchoro, nimepima, umbali kati ya hizo ncha krenki ikizunguka unaenda toka 90 mpaka 190. Mikono yako ni 100 na 80, ikinyooka kabisa inakuja 180. Sasa mashine inataka 190 na wewe una 180, milimita 10 hazipo, programu itazitoa wapi? Umbali mkubwa lazima uwe chini ya jumla ya mikono miwili, na umbali mdogo lazima uwe juu ya tofauti yao, ya kwako tofauti ni 20 na umbali mdogo ni 90, upande huo hauna shida.

Usije ukaweka 100 na 100 ukasema imefika. Imefika kweli ila kwa shida, pale kwenye 190 goti linafunguka karibu nyuzi 144, karibu linyooke, na goti likikaribia kunyooka ndo linaanza kuruka upande wa pili. Sababu ni kwamba kila jozi ina namna mbili za kukaa, goti juu au goti chini, zote mbili ni sahihi kwa kompyuta, na zinakutana pale mikono inaponyooka. Weka 120 na 120. Goti litacheza kati ya nyuzi 44 na 105, na vitabu vingi vinataka ukae kati ya 40 na 140, kwa hiyo upo ndani na nafasi inabaki hata kama tundu limetobolewa pembeni kidogo.

Ukitaka uelewe kwa macho fungua GeoGebra, ni ya bure. Chora duara toka ncha ya kwanza lenye nusu kipenyo sawa na mkono wa kwanza, chora lingine toka ncha ya pili kwa mkono wa pili, yanakatana sehemu mbili, hizo ndo goti juu na goti chini. Sogeza krenki uone, maduara yakiachana ile nukta ya goti inapotea kabisa kwenye skrini. Dakika tano hizo zitakusaidia kwenye mtihani kuliko kukariri.

Fundi habari. Mi ni fundi wa kuchomelea mtaa wa Gerezani hapa Dar, kijana wangu ndo anajua kompyuta. Tunatengeneza mashine ya kubana tofali za udongo na saruji, ya mkono, mikono miwili inanyooka inashindilia, na fimbo ya kuvuta imeungwa pale pale kwenye goti. Kijana kapiga hesabu yako kapata 3, programu inasema 1. Na kwenye skrini inacheza vizuri ila nimekata flati bari kufunga, vinagongana. Nani mkweli?

Nzuri kaka, na mwambie kijana asikate tamaa, hili kosa linafanywa hata na waliosoma. Hesabu pale kwenye goti. Wewe unaona pini moja kwa sababu umetoboa tundu moja na umepitisha bolti moja, lakini pale imekutana mikono mitatu, wa juu, wa chini na fimbo ya kuvuta, na pini iliyobeba mikono mitatu inahesabika mbili, ikibeba minne inahesabika tatu. Mashine yenu ina fremu, mpini wa kuvuta, fimbo, mkono wa juu, mkono wa chini na kile kichwa kinachoshindilia, 6. Maungio, mpini kwenye fremu, mpini kwenye fimbo, goti mbili, mkono wa juu kwenye fremu, mkono wa chini kwenye kichwa, na kichwa kuteleza kwenye boksi, jumla 7. 3 mara 5 ni 15, toa 14, inabaki 1. Programu ilikuwa mkweli, kijana alihesabu goti moja akapata 15 toa 12.

Na kwenye programu nyingi hapo hapo ndo pa kuwa makini unapoongeza mkono kwenye pini iliyopo tayari, maana unaweza ukadhani umeuunga na ule wa juu kumbe umeuunga na wa chini au umeupachika kwenye nukta ya mchoro tu haujashika kitu. Mwambie kijana akishaunga aushike mkono mpya na mausi auvute, ukija peke yake haujaungwa. Mfaransa Peaucellier mwaka 1864 alitoa mtambo wa kuchora mstari ulionyooka kabisa kwa kutumia mikono inayozunguka tu, una pini 6 ukiangalia kwa macho lakini ukihesabu vizuri zinakuja 10, na mikono 8 pamoja na fremu, 3 mara 7 ni 21 toa 20 ni 1. Kijana ajaribu kuuchora huo, akifanikiwa kuuhesabu hatakosea tena.

Utaniambia mbona mwanafunzi nimemkataza mikono isinyooke na ya kwako inanyooka. Ya kwako inatakiwa. Goti likikaribia kunyooka, kuvuta kidogo kunatoa nguvu kubwa sana ya kushindilia, ndo maana mtu mmoja anabana tofali kwa mikono yake. Ila weka kizuizi ili goti lisipite upande wa pili, likipita mpini unaweza ukarudi kwa nguvu ukampiga mtu usoni, hilo naomba usiliache hata kama mteja ana haraka.

Kuhusu kugongana, kwenye skrini mikono inapitana kama vivuli, programu za kuchora bapa hazijui kwamba chuma kina unene. Wewe una flati bari ya milimita 8, mikono mitatu kwenye bolti moja ni milimita 24 bila washa. Chora mashine ukiiangalia kwa juu, panga kila mkono ghorofa yake, na weka fimbo ya kuvuta katikati, mkono wa juu na wa chini kila mmoja uwe wa vipande viwili, kimoja kila upande wa fimbo. Ukiweka kila mkono kipande kimoja, kimoja kulia kingine kushoto, bolti inavutwa mshazari, tundu linaliwa linakuwa yai ndani ya muda mfupi. Weka bushi, chuma kwa chuma kwenye goti la kushindilia hakikai. Kama laptopu ya kijana inaweza, FreeCAD nayo ni ya bure na toleo la 1.0 lililotoka Novemba 2024 limekuja na sehemu yake ya kuunganisha vipande, hapo ataona unene kabla hujawasha grainda.

Dada, mi nashona, nina kibaraza Mbagala, mwanangu yuko sekondari kanichorea cherehani yangu ya miguu kwenye kompyuta kwa mradi wa shule, kapendeza kweli. Ila akiweka mota kwenye pedeli inaenda kidogo inakwama. Cherehani yangu mbona haikwami?

Dada yangu hii barua nimeisoma mara mbili, mpe hongera sana huyo mtoto. Cherehani yako inakwama pia, ila mkono wako unaiokoa. Unapoanza kushona si huwa unasukuma lile gurudumu la juu kidogo kwa mkono ndo mguu unafuata? Hapo unaitoa mahali ambapo ile fimbo ya pedeli na krenki ya gurudumu la chini vimenyooka mstari mmoja, ukikanyaga hapo nguvu yote inaenda kwenye beringi, haizungushi kitu. Ikishaanza kuzunguka uzito wa gurudumu la chini ndo unaivusha hapo kila mzunguko, mara mbili kila mzunguko.

Kompyuta ya mtoto inapiga hesabu za umbo tu, gurudumu lake halina uzito, kwa hiyo hamna wa kuivusha. Mwambie mota aitoe kwenye pedeli aiweke kwenye gurudumu kubwa la chini, itazunguka duara zima na pedeli itapanda na kushuka yenyewe. Ni kinyume na mguu wako unavyofanya lakini mwendo ni ule ule, na kwenye mradi aandike sababu, mwalimu atapenda.

Na kama laptopu ni ya zamani asihangaike na programu kubwa, hiyo GeoGebra niliyomtajia mwanafunzi wa Ilala inatosha. Akimaliza akate mikono ile ile kwa kadibodi ya boksi la sabuni, pini aweke pini zako za kitambaa, azungushe mezani. Akitaka kuongeza ile nyenzo ya kuvutia uzi juu ya sindano aongeze vipande viwili na maungio matatu, ahesabu kwanza kwenye karatasi, ikitoka 1 ndo afungue kompyuta.